Siku Tuliyomfukuza Mtani

Neema wa ofisi ya utumishi ameniomba niandike kurasa chache kwa ajili yenu mnaoanza kazi. Aliniambia, "Mama Skola, eleza jinsi kampuni ilivyokua, kutoka gesti moja mpaka hoteli na nyumba za Ruhuwiko. Iwe ya kutia moyo." Nimekubali kuandika kwa sababu ni binti mwenye adabu, ila hilo la kutia moyo sikumwahidi. Nimestaafu, hakuna tena wa kuniita ofisini kunionya. Vyeo nilivyopitia vimo kwenye faili langu, anayevitaka akavisome huko.

Nilianzia Mfaranyaki, hapa Songea, kwenye gesti ya kwanza, ile ambayo leo mnaiita jengo la zamani na kuifanya stoo ya magodoro mabovu. Nilikuwa msichana wa kijijini niliyemaliza darasa la saba, nimevaa viatu vya shangazi vilivyonipwaya. Mwenye gesti, Mzee Kasiani, alikuwa nje anabishana na muuza mkaa, kwa hiyo mkewe, Mama Deo, ndiye aliyenifanyia usaili. Hakuniuliza cheti. Alinipa shuka akasema tandika. Nikatandika. Akakitazama kitanda, akalivuta shuka lote chini, akasema, "Hapo umefunika godoro. Sasa tandika kitanda." Nilirudia mpaka mgongo ukawaka moto. Ndipo akanionyesha kona inavyokunjwa ikabana, na blanketi la pili linavyokaa miguuni hata kama mgeni hajaliomba. Mgeni wa Songea mwezi wa sita haombi blanketi. Analala anatetemeka, asubuhi anaondoka bila kukuaga, na wewe unabaki kujiuliza umemkosea nini.

Vifaa vyetu vilikuwa karai, ndoo, mafagio na pasi ya mkaa. Nyuma ya jiko kulikuwa na pipa la maji ya moto, na kulipokucha wageni walitoa vichwa madirishani wakaita, "Dada, maji!" Nawe unakimbia na ndoo. Pasi ya mkaa ukiipuliza vibaya inatema majivu juu ya shuka jeupe, unarudi kwenye karai kuanza upya. Leo mnalalamika mashine ya kufulia inapiga kelele. Nawasikiliza tu.

Mama Deo alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: aliyelala kwetu anaitwa mgeni. Ukisema mteja anakukata jicho. "Mteja yuko sokoni," alikuwa anasema. "Huyu amevua viatu kwangu."

Siku hiyohiyo ya kwanza, mchana, nilisikia matusi nyuma ya nyumba, matusi ya kutisha kweli. Nikachungulia. Mzee Kasiani alikuwa amesimama chini ya ngazi, na juu ya ukuta alikuwepo fundi mmoja mwembamba, kofia ya Mzee kichwani, mwiko mkononi.

"Shuka hapo, mtumwa wangu," Mzee anafoka. "Babu yangu alimkamata babu yako kwa mkono mmoja, mwingine ameshika kibuyu cha pombe!"

"Babu yako alikuwa amekuja kuomba chumvi," fundi anajibu, hata hamtazami. "Tukamwonea huruma. Tungejua mtazaana hivi, tusingempa."

"Nipe kofia yangu!"

"Kofia ya nani? Kofia yangu, ukuta wangu, gesti yangu. Wewe Mngoni ni mlinzi tu hapa. Na ulinzi wenyewe unalala."

Nilimkimbilia Mama Deo nikamwambia, mama, huko nyuma watauana. Aliendelea kuchambua mchele. "Huyo ni Athumani," akasema. "Wakinyamaza ndiyo uje uniite."

Kwa wale mliolelewa mbali na mambo haya niwaeleze. Athumani alikuwa Myao, kwao ni upande wa Namtumbo. Mzee Kasiani alikuwa Mngoni. Hao ni watani. Mtani anakutukana na huruhusiwi kukasirika. Anachukua kuku wako bila kuomba. Na ukifiwa, yeye ndiye anakuja msibani kufanya vituko: anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe kitu. Kitu chenyewe huwa kidogo tu, kuku au soda, ila lazima kitolewe, na lazima kwanza watu wacheke. Ukimwona mtani anachekesha kwenye msiba usidhani hana uchungu. Mara nyingi yeye ndiye mwenye uchungu kuliko wote. Amepewa tu kazi ya kuubeba kwa njia hiyo.

Na huyu Athumani alikuwa fundi hasa. Kila chumba mlichokisikia kinasifiwa kwenye jengo la zamani, ni yeye. Alikuwa na timazi yake ya shaba ya kunyooshea kuta, aliyoitunza kwenye soksi, na pima maji ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Chumba kikikamilika aliingia humo mchana, anafunga mlango na madirisha, anakaa gizani kutafuta mwanga unaopenya kwenye paa. Kisha anamwaga ndoo ya maji sakafuni na kuyatazama yanakwenda wapi. Halafu anajilaza kwenye sakafu hiyohiyo na kutuita, "Skola! Njoo unione mwenye nyumba nimelala!" Mimi pia ni Mngoni, kwa hiyo nilikuwa halali yake. Nilipozoea, nikawa namwagia maji kwa makusudi nikipita na ndoo.

Mzee naye alikuza utani huo mbele za watu. Wanunuzi wa tumbaku wakifika kuulizia vyumba, anawaelekeza kwa Athumani aliyejaa saruji mpaka kwenye nyusi: "Mwenye gesti ni yule. Mimi namtunzia." Athumani naye anawajibu kwa sauti ya kitajiri, "Wape vyumba, Kasiani, ila wasiniharibie mashuka." Hivyo ndivyo walivyoelewana miaka yote. Sikuwahi kuona wakikaa mezani kujadiliana kazi. Mzee atasema, "Mtumwa, ule upande wa mashariki unanichukiza," na wiki inayofuata msingi umeanza kuchimbwa.

Kampuni ilikua hivyo, kwa matusi. Gesti ikapata ubavu wa pili. Zikaja fremu za maduka barabarani. Ikaja gesti nyingine, kisha viwanja Ruhuwiko, na nyumba za kupangisha zikaota mojamoja kila baada ya mavuno. Mimi nikawa nafundisha wasichana wengine kutandika, na nilivuta mashuka yao chini bila huruma, kama nilivyofanyiwa.

Halafu Deo akarudi.

Deo ni mtoto wa kwanza wa Mzee, ndiye bosi wenu wa sasa. Najua atasoma hapa, na nimemwambia nitaandika, akasema, "Andika, dada Skola, yote." Alipelekwa seminari angali mdogo, akatoka hapo akaenda Dar es Salaam, kisha ng'ambo kusomea biashara. Alipokuwa anakuja likizo alikuta mambo ya hapa nusunusu, kama mtu anayeingia kanisani wakati wa matangazo. Alikuwa kijana mwema na mchapakazi, hilo nalisema bila kuchovya asali. Yeye ndiye aliyezungumza na benki, akaleta wachoraji, akaijenga hoteli yenye lifti ambayo watu walitoka vijijini kuja kuitazama ikipanda na kushuka. Alifunga pia viyoyozi vyumba vyote, katika mji huu wa baridi. Mwezi wa saba wageni walipiga simu mapokezi kuuliza kile kidude cha ukutani kinazimwaje. Mama Deo alicheka mpaka akakaa chini.

Siku moja Deo aliniita pembeni, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada Skola, kwa nini fundi anamwita baba mlinzi wake, tena mbele ya watu wa benki?"

"Ni mtani wake, Deo."

"Najua ni mtani. Lakini anasema hadharani kwamba gesti ni yake. Mtu akimsikia?"

"Akimsikia atacheka."

Hakucheka. Alitikisa kichwa kwa adabu kama anayemsikiliza mgonjwa, akaondoka.

Mzee Kasiani alipougua, aliugua kwa muda mrefu, na akakataa kukaa chumba cha hoteli. Alitaka kulala nyumbani kwake, nyuma ya gesti ya kwanza. Athumani alikuja kila siku akitoka kazini. Anaingia bila hodi, anakaa kwenye ukingo wa kitanda, anaanza: "Wewe Mngoni unachelewesha watu. Kufa basi, nihamie. Nimeshachagua chumba." Mzee anacheka mpaka kikohozi kinambana. Siku moja aliposhusha pumzi alimshika mkono akasema, "Sawa, mtumwa. Gesti nimekuachia. Ukimkuta mtu kwenye kiti changu, mtoe." Wote wawili machozi yakawatoka, sijui ya kicheko au ya nini. Deo alikuwa amesimama mlangoni na simu yake. Yeye alisikia maneno. Hakusikia kingine.

Mzee akafariki. Msiba uliwekwa palepale Mfaranyaki, turubai barabarani, na watu walijaa kutoka Peramiho mpaka Namtumbo. Walikuwepo pia watu wa benki, mwanasheria wa kampuni, na wageni wa Deo kutoka Dar es Salaam waliovaa miwani myeusi. Jeneza lilikuwa sebuleni. Ili lifike barabarani lilipaswa kupita kwenye korido ya gesti na kutokea mapokezi, maana ndivyo nyumba ilivyojengwa.

Athumani akaingia. Alikuwa amevaa koti la Mzee ndani nje, kofia ya Mzee, na suruali imekunjwa mguu mmoja kama Mzee alivyozoea akiendesha baiskeli. Akatembea mwendo wa Mzee, ule wa kuburuza mguu wa kushoto. Yesu na Maria! Wanawake waliangua kilio na kicheko kwa pamoja. Mama Deo, aliyekuwa hajanyanyua uso tangu mumewe akate roho, akaunyanyua. Athumani akaenda moja kwa moja mapokezi, akaketi kwenye kiti cha Mzee, akazitwaa funguo zote za vyumba akazivika kidoleni.

"Mwenye gesti nimefika!" akatangaza. "Wote mliomo humu, mizigo nje. Na huyo aliyelala sebuleni ndani ya sanduku hatoki mpaka nipewe changu. Ameniachia gesti, shahidi ninaye, ni yeye mwenyewe. Mwulizeni!"

Watu wakapiga vigelegele. Jikoni Mama Deo alikuwa ameshafunga kuku mweupe miguu tangu asubuhi, anamsubiri huyu huyu. Akanipa ishara nikamlete.

Ninarudi na kuku mkononi, namkuta Deo amesimama mbele ya kiti. Mmoja wa wageni wake alikuwa amemnong'oneza, baadaye nilikuja kujua alimwuliza, "Huyu ana madai?" Deo alikuwa hajalala siku tatu, macho mekundu. Akamwuliza Athumani, "Una hati?"

Athumani alifurahi kweli. Alidhani hatimaye mtoto wa Kasiani amejifunza kucheza. Akajibu kwa sauti ya juu zaidi, "Hati? Hati iko mgongoni kwa baba yako, nilimchapa nayo! Mgeuzeni muisome!"

Kicheko kikalipuka turubai zima. Na Deo, mbele ya watu wa benki, na baba yake amelala pale, alisikia kwamba anachekwa. Akawaita walinzi wa hoteli, wale wa sare mpya. "Mtoeni. Mfungieni kule hotelini mpaka tumalize."

Nilimshika Deo mkono wa koti. Nikamwambia, "Deo, ni mtani huyo, kuku wake huyu hapa, mpe yaishe." Akaniambia, "Si leo, dada Skola." Wazee walisimama, lakini mambo yalikuwa ya haraka. Walinzi walikuwa vijana wa kampuni ya ulinzi kutoka mkoa mwingine. Wakamkamata Athumani kwapani, mmoja akamvua kofia. Athumani alikuwa bado anacheka. Aliwaambia, "Taratibu, wanangu, mtamvunja tajiri." Wakampakia kwenye pikapu. Nilisimama barabarani na kuku wangu anapiga mbawa.

Jeneza likapita kwenye korido, likatoka. Hakuna aliyelizuia. Nimefanya kazi za mikono maisha yangu yote na sikuwahi kuona kitu kizito kikitoka kwa urahisi namna ile.

Walimfungulia jioni. Alikuja siku ya tatu kuchukua timazi yake na pima maji, akanisalimia, akaondoka na basi la Namtumbo. Sikumwona tena kwa miaka mingi, na Mungu ananiona, niliumia kuliko nilivyoumia nilipofiwa na kaka yangu.

Sitaki mtu aseme nimeandika kwamba majengo yalianguka. Hayakuanguka. Walikuja mafundi wengine, wakandarasi wenye kofia ngumu, na kazi zao ni nzuri. Tuliongeza hoteli, tukaongeza nyumba Ruhuwiko, tukapata nembo mnayoivaa vifuani. Ninyi wa mapokezi mkafundishwa kusema mteja. Kampuni ilikua jamani, nani anabisha? Ila pale jengo la zamani nilikuwa nikipita na mashuka, natega sikio nyuma ya nyumba, kimya. Nikawa nakumbuka Mama Deo alivyoniambia siku ya kwanza, wakinyamaza ndiyo nimwite. Sasa nimwite aje afanye nini?

Yeye mwenyewe hakumgombeza mwanawe hadharani. Alisema mara moja tu, tukiwa tunakunja foronya: "Baba Deo hajazikwa, Skola. Amefukiwa tu."

Wazee wa ukoo walimweka Deo chini baada ya arobaini, wakamweleza alichokifanya. Alivyoelewa, aliumwa. Nasema aliumwa kweli, hakula. Lakini aibu ya msomi ni ngumu. Alituma salamu, alituma watu, kila mara akisema mwezi ujao atakwenda mwenyewe, na mwezi ujao kuna kikao. Miaka ikapita hivyo.

Kisha miguu ya Mama Deo ikaanza kuvimba, daktari akasema moyo umechoka. Akatuita mimi na Deo chumbani kwake. "Nataka mtani wangu," akasema. "Mimi sitaki kutolewa humu ndani kama gunia la mahindi. Nataka nizuiwe mlangoni. Nendeni mkamlete, au nipelekeni."

Tukampeleka. Deo aliendesha mwenyewe, mama yake mbele amekumbatia mto, mimi nyuma. Njia nzima Mama Deo alikuwa anafanya mazoezi ya matusi. "Nitamwambia mbona amezeeka kama mkeka wa msikiti. Hapana, hilo ni dogo. Nitamwambia nimekuja kuchukua kodi." Alicheka peke yake, uso umepata damu. Sikuwa nimemwona hivyo tangu mumewe afariki.

Tulimkuta Athumani kwenye kibaraza chake anafunga majani ya tumbaku. Amezeeka, mgongo umepinda, lakini mikono ni ileile. Mama Deo hakungoja hata gari lisimame. Akateremsha kioo akapaza sauti, "We mtumwa! Kumbe hujafa? Nani kakupa ruhusa?"

Athumani akainuka polepole. Akajifuta mikono kwenye shati, akaja mpaka mlangoni pa gari, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama," akasema. "Karibuni sana. Poleni na safari."

Nilimwona Mama Deo mdomo umebaki wazi. Hawajapishana miaka, wale. Katika maisha yake yote Athumani hakuwahi kumwamkia. "Marahaba," alijibu, na sauti haikuwa yake.

Tulikaribishwa vizuri mno. Vikaletwa viti, mimi nikapewa kile chenye mto. Mjukuu wake akatunawisha mikono. Athumani akachinja kuku, wali ukapikwa, akawa anatuuliza habari za afya, za kazi, za mvua. Kila Mama Deo akirusha neno, yeye analipokea kwa tabasamu na kuliweka chini: "Ndiyo, mama." "Kweli kabisa, mama."

Baada ya kula Deo alipiga magoti. Hakuleta maneno ya ofisini. Alisema, "Mzee wangu, nilikufukuza kwenye msiba wa rafiki yako. Sikujua nilichokuwa nakifanya, na nilipojua niliogopa kuja. Naomba unisamehe." Alilia kama mtoto. Athumani akamshika mabega, akamwinua.

"Nimekusamehe, mwanangu. Nilikusamehe zamani. Ulikuwa na uchungu wa baba yako."

Na alimsamehe kweli. Nimeishi na watu, najua msamaha wa mdomoni. Huu haukuwa wa mdomoni.

"Basi yamekwisha," Mama Deo akadakia, amejaa matumaini. "Sasa nitukane."

Athumani akatazama chini.

"Nitukane, Athumani. Hata moja tu. Nimetoka Songea na miguu hii."

Athumani akasema, "Mama Deo, maneno yanakuja. Ulipofika tu pale yalinijia. Lakini siku hizi yakinijia natazama kwanza nani yupo karibu. Unajua siku ile nilicheka njia nzima? Nilijua wale vijana tunacheza. Walipofunga mlango kwa nje ndipo nikajiona: mzee mzima, nimevaa koti ndani nje, peke yangu." Akavuta pumzi. "Nikikutukana sasa, najisikia natukana kweli. Siwezi. Usinilazimishe."

Mama Deo alimpa mkono, naye akaupokea kwa mikono miwili, kama anavyopokelewa mkuu wa wilaya.

Tukarudi njia ileile mpaka tukaanza kuona taa za mji. Ndipo Mama Deo akasema, si kwangu wala kwa Deo, "Amenichinjia kuku. Mtani hakuchinjii kuku. Mtani anakuibia."

Mama Deo hakufika masika. Msiba ukawekwa Mfaranyaki kama alivyotaka, na Deo alijitahidi kwa kila alichojua. Aliwaondoa walinzi wote. Akakataza mtu yeyote asikalie kile kiti cha mapokezi. Kuku alifungwa jikoni, nilimfunga mimi. Alituma gari Namtumbo kumchukua Athumani, dereva akakuta ameshaondoka na basi, kwa nauli yake. Watani wengine walikuwepo, vijana wa Kiyao wanaouza nguo hapo stendi, lakini hakuna aliyethubutu. Kisa cha Athumani kila mtu alikuwa anakijua. Nao pia walikuwa wanamngoja yeye.

Athumani alikuja amevaa kanzu safi iliyopigwa pasi. Akatupa pole mmoja mmoja. Hakuingia ndani. Aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa mapokezi, pale nje jeneza linapotokea, mikono ameiweka magotini.

Muda ukafika. Deo alishika mbele kulia, nami niliomba nishike nyuma pamoja na wanaume, hakuna aliyenikatalia. Tukapita korido. Tukafika mapokezi, kiti kitupu. Tukafika mlangoni, na Deo akasimama. Waliokuwa nyuma yangu wakauliza vipi, kuna nini. Hakuwa na chochote mbele yake. Alisimama tu na mama yake begani, jasho linamtiririka, anamtazama Athumani.

Uwanja mzima ulielewa. Kilio kikakoma. Hata padri alifunga kitabu.

Athumani akainuka. Nilisema ndani yangu, sema, mtumwa wewe, sema, zuia, tutukane wote hapa tulipo.

Akainama, akakishika kile kiti cha plastiki, akakisogeza pembeni kututengenezea njia.

"Piteni, wanangu," akasema kwa upole.

Tukapita.